Michezo ya Zamani ya Televisheni na Mafunzo Yake kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Kila mwalimu aliyepata kusimama mbele ya darasa anamfahamu mtoto anayenyamaza. Siku moja aliitwa ubaoni, akakosea hesabu, wenzake wakamcheka, na tangu hapo hanyoshi tena mkono. Hukaa kimya muhula mzima, na mwalimu asiye mwangalifu humhesabu miongoni mwa wale walio wazito wa kuelewa. Lakini mtoto huyo huyo, akipata nafasi ya kukaa mbele ya mchezo wa televisheni, hukosea mara ishirini, kisha akajaribu mara ya ishirini na moja bila kusukumwa na mtu yeyote. Hatuna budi kujiuliza: ni kitu gani kilichomo katika mchezo huo ambacho hakimo katika somo letu?

Wako wasemao kwamba jibu ni rahisi, yaani mchezo una rangi na muziki, na somo halina. Jibu hilo halitoshi. Ipo michezo mingi yenye rangi na muziki ambayo watoto waliitupa baada ya siku mbili. Katika makala haya tunakusudia kuirudia baadhi ya michezo ya mwanzo iliyopata sifa, na mingine iliyoshindwa, ili kuipima kwa jicho la mwalimu. Shabaha yetu ni kumsaidia mwalimu mwanafunzi aone namna kazi inavyoweza kupangwa hata mtoto asiogope kukosea, na namna hiyo hiyo inavyoweza kutumika katika darasa lenye ubao, chaki na vijiti tu.

Kwa nini michezo ya zamani?

Mashine ya kwanza ya michezo ya televisheni kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani ilikuwa Odyssey ya kampuni ya Magnavox ya Marekani, iliyotoka mwaka 1972 kutokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer. Haikuwa na sauti wala rangi. Ilionyesha vidoa vyeupe na mstari, na mchezaji alibandika karatasi ya plastiki yenye picha juu ya kioo cha televisheni ili apate uwanja wa kuchezea. Mwaka 1977 kampuni ya Atari ilitoa mashine yake iliyotumia kaseti za kubadilisha. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ya mashine hiyo ilikuwa baiti 128 tu, nafasi ya herufi zipatazo mistari miwili au mitatu ya daftari. Kisha mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ya mji wa Kyoto, Japani, iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, ikatoa mashine iitwayo Famicom.

Ufinyu huo ndio unaoifanya michezo ya wakati ule ifae kwa uchunguzi wetu. Mtengenezaji hakuwa na nafasi ya kuweka maelezo marefu, wala sauti ya mtu ya kumwongoza mchezaji. Ilimbidi afundishe kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Kwa hiyo mtu akiitazama michezo hiyo leo, mpango wa kufundisha huonekana wazi, kama mbao za nyumba ambayo bado haijapigwa lipu.

Yafaa ieleweke kwamba kuupima mchezo ni kazi inayofanana na kupima kitabu cha kiada. Haitoshi kusema kwamba unapendeza au haupendezi. Sisi tutatumia maswali manne:

(a) Je, kazi inaeleweka bila maelezo marefu?
(b) Je, jambo jipya huletwa kwanza mahali ambapo kukosea hakuna madhara?
(c) Je, anayekosea huona sababu ya kosa lake?
(d) Je, ujuzi unaokusudiwa ndio unaochezwa, au umebandikwa tu juu ya mchezo mwingine?

Swali la kwanza: kazi kueleweka

Mwaka 1971 ilitolewa nchini Marekani mashine ya kuchezea kwa sarafu iliyoitwa Computer Space. Mchezaji aliongoza chombo cha angani kwa vitufe vinne: cha kugeuza kushoto, cha kugeuza kulia, cha kusukuma mbele na cha kupiga risasi. Chombo hicho hakikusimama pale kilipotakiwa kusimama, kwani kiliendelea kuelea. Ilimpasa mtu asome maelezo marefu kabla ya kuanza, na wengi waliishia hapo.

Mwaka uliofuata watu wale wale walioubuni mchezo huo, Nolan Bushnell na Ted Dabney, wakiwa sasa na kampuni yao ya Atari, walitoa mchezo wa Pong. Uliundwa na Allan Alcorn, mhandisi aliyekuwa ameajiriwa karibuni, ambaye alipewa kazi hiyo kama zoezi tu la kujifunzia. Ulikuwa na vibao viwili na mpira mmoja, na kila mchezaji alikuwa na kifundo kimoja cha kuzungusha. Agizo lake kuu lilikuwa fupi mno: usiukose mpira ili upate alama nyingi. Mwaka 1975 mchezo huo uliingia majumbani kwa njia ya televisheni.

Tuangalie kilichofanya Pong ieleweke. Kwanza, iliegemea jambo ambalo watu walikwisha kulijua, yaani mpira wa meza. Hiyo ndiyo kanuni yetu ya kutoka jambo linalojulikana kwenda lisilojulikana. Pili, ugumu wake uliongezeka kwa kadiri ya uwezo wa mchezaji, kwa kuwa mpira ulizidi mwendo kila uliporudishwa mara nyingi mfululizo. Aliyekuwa bado mchanga hakufika katika mwendo huo wa kasi, na aliyekuwa hodari alifika upesi. Tofauti ya Computer Space na Pong ni sawa na tofauti ya mwalimu anayetumia dakika kumi na tano kueleza kanuni kabla mtoto hajashika kalamu, na yule anayetoa kazi ndogo mara moja, akaeleza huku mikono ya watoto ikifanya.

Swali la pili: jambo jipya na mahali salama

Kwa swali hili tunachagua Super Mario Bros., mchezo uliotolewa Japani tarehe 13 Septemba, 1985, ukiwa umebuniwa na Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Nakala zake zaidi ya milioni 40 zimeuzwa. Mchezo mzima, wenye hatua 32, ulitoshea katika kilobaiti 40, ambazo ni kama kurasa ishirini za maandishi yaliyopigwa chapa. Mchezaji humwongoza mtu mdogo aitwaye Mario, ambaye hukimbia na kuruka kutoka kushoto kwenda kulia.

Hatua ya kwanza ya mchezo huu ni andalio la somo ambalo kila mwanachuo angefaa kulichambua. Mario husimama upande wa kushoto wa kioo, ameelekea kulia, na mbele yake kuna uwazi. Hakuna maandishi ya kumwagiza mtoto aende wapi; uwazi wenyewe humwita. Mara hutokea kiumbe mmoja tu, akija polepole. Mtoto asiporuka hugongwa na kupoteza maisha moja kati ya matatu, lakini kwa kuwa ndiyo kwanza ameanza, hakuna kazi kubwa iliyopotea. Baada ya muda mfupi anakuwa pale pale tena, naye sasa anajua kwamba hana budi kuruka.

Baadaye kidogo huja uyoga ambao humkuza Mario. Hapa palikuwa na hatari ya kufundisha vibaya, kwa sababu umbo la uyoga linakaribia umbo la yule kiumbe adui, na mtoto aliyekwisha gongwa angeukimbia. Wabunifu waliupanga hivi: uyoga hutoka katika kisanduku, huelekea kulia, hugonga bomba, kisha hurudi kumwelekea mchezaji, ambaye yuko chini ya safu ya matofali yanayomzuia kuruka juu sana. Aghalabu humgusa apende asipende, na mara huona kwamba amekua. Miyamoto alieleza mpango huo hadharani mwaka 2015.

Mfano ulio bora kwa mwalimu uko karibu na mwisho wa hatua hiyo. Pana ngazi mbili zinazotazamana, na katikati yake pana ardhi. Mtoto akijaribu kuruka kutoka ngazi moja hadi nyingine akashindwa, huanguka juu ya ardhi, akapanda tena. Mbele kidogo zipo ngazi nyingine mbili, lakini safari hii katikati yake pana shimo, na aangukaye humo hupoteza maisha moja. Ustadi ni ule ule. Ulifanyiwa mazoezi mahali salama kwanza, ndipo ukatahiniwa mahali pa hatari. Ni mara ngapi sisi walimu humpeleka mtoto moja kwa moja kwenye shimo?

Miyamoto ameeleza pia kwamba desturi yao ilikuwa kubuni kwanza hatua za kupendeza zilizo mbele, kisha kurudi kuitengeneza hatua ya kwanza. Hapo pana fundisho juu ya kutayarisha masomo. Mwalimu hawezi kulipanga vyema somo la kwanza la mada iwapo hajaijua mada yenyewe hadi mwisho wake.

Hata hivyo mchezo huu hauna ukamilifu. Maisha matatu yakiisha mtoto hurudishwa mwanzo kabisa, hata kama alikuwa amefika mbali. Aidha katika baadhi ya ngome zake, kwa mfano ile ya mwisho wa dunia ya saba, mtoto hana budi kuchagua njia iliyo sahihi, na akikosea huzunguka pale pale pasipo ishara yoyote. Katika toleo lililorekebishwa la mwaka 1993 iliongezwa sauti ya kumjulisha kama amepita panapofaa au la. Kwa maneno mengine, wenyewe walitambua kwamba mahali hapo palikosa jibu kwa mwanafunzi.

Swali la tatu: sababu ya kosa

Ili tuelewe uzito wa swali hili, tuutazame mchezo ulioshindwa. Mwishoni mwa mwaka 1982 Atari ilitoa mchezo uliotokana na filamu ya E.T. Howard Scott Warshaw, ambaye hapo kabla alikuwa amebuni mchezo uliosifiwa wa Yars' Revenge, alipewa majuma yapatayo matano tu aumalize kabla ya Krismasi. Mchezaji alitafuta vipande vitatu vya simu vilivyofichwa katika mashimo. Wazo hilo halikuwa baya. Tatizo lilikuwa kwamba kiumbe huyo alitumbukia shimoni pale sehemu yoyote ya umbo lake ilipogusa ukingo wa shimo, hata kama miguu yake ilionekana imesimama juu ya ardhi. Alipokwisha kupanda na kutoka, mara nyingi alitumbukia tena papo hapo. Tena alama zilizotokea juu ya kioo hazikueleweka ila kwa kusoma kijitabu.

Nakala nyingi mno hazikuuzwa, na mwaka 1983 baadhi yake zilifukiwa katika jaa la mji wa Alamogordo, New Mexico, ambako zilifukuliwa mwaka 2014. Mchezo huo haukuwa sababu pekee ya hasara kubwa iliyoikumba Atari wakati huo, lakini ulipata sifa mbaya iliyodumu.

Mtoto aangukaye katika shimo la Mario huona kwamba aliruka mapema mno. Kosa ni lake, sababu yake iko mbele ya macho yake, na njia ya kulirekebisha anaijua. Mtoto aangukaye katika shimo la E.T. huona miguu yake juu ya ardhi, naye huambiwa kuwa ameanguka. Hawezi kujifunza lolote hapo isipokuwa kwamba mchezo huu hauna haki. Sasa tulifikirie daftari lililorudishwa likiwa na alama za mkasi kumi na moja za wino mwekundu bila neno lolote. Kwa mtoto asiyejua alipopotelea, daftari hilo ni shimo la E.T.

Swali la nne: ujuzi wenyewe kuwa mchezo

Huenda mwanachuo akadhani kwamba mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya hesabu ndio utakaofundisha zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1983 Nintendo ilitoa Donkey Kong Jr. Math. Nyani mkubwa hushika namba iliyo lengo, na wachezaji wawili hushindana kupanda minyororo na kukusanya tarakimu na alama za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya hadi wafikie lengo hilo. Sehemu nyingine ya mchezo hutoa hesabu za kawaida, na mtoto hupanda minyororo ili aweke tarakimu za jibu moja moja.

Wazo la kutafuta njia mbalimbali za kufikia namba moja ni zuri, na mwalimu aweza kulitumia ubaoni. Lakini katika ile sehemu ya mazoezi, mtoto aliyekwisha kulijua jibu hutumia muda mrefu akipanda na kushuka, na mtoto asiyelijua haoni chochote cha kumwelekeza. Hesabu imekuwa kama ushuru unaolipwa ili mtu aendelee kupanda.

Tulinganishe na Darts, mchezo ambao haukuwa wa televisheni za nyumbani bali wa kompyuta za shule. Ulibuniwa na Sharon Dugdale katika miaka ya 1970 kwa mtambo wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois. Maputo huwekwa kando ya mstari wa namba, na mtoto hukadiria mahali puto lilipo kwa kuandika namba au sehemu, kama vile nusu au robo tatu. Mshale huenda pale alipotaja. Akikosa, huuona mshale umepita juu ya puto au chini yake, na kwa hiyo huona amekosa kwa kiasi gani. Hapa kukadiria sehemu ndio mchezo wenyewe. Ukiliondoa hilo hakuna kinachobaki.

Thomas Malone, katika uchunguzi wake wa mwaka 1980 kuhusu mambo yanayofanya kujifunza kupendeze, aliutumia mchezo huo kwa kubadilisha kitu kimoja kimoja. Aliona kwamba picha ya kupasua maputo kwa mishale iliwavutia wavulana, lakini wasichana hawakuipenda. Tukumbuke jambo hilo tunapochagua mifano ya darasani. Mfano unaofurahisha nusu ya darasa waweza kuichosha nusu nyingine.

Matumizi darasani

Hakuna haja ya mashine yoyote ili kutumia mafunzo haya. Tuchukue kwa mfano somo la kutoa, pale ambapo inabidi kufungua fungu la kumi.

Hatua ya kwanza iwe 47 – 23, kwa kutumia mafungu manne ya vijiti kumi kumi na vijiti saba vilivyo peke yake. Hapa mtoto anafanya analolijua. Hatua ya pili iwe 42 – 17, kwa vijiti vile vile. Mtoto atahitaji vijiti saba, naye anavyo viwili tu. Mwache atambue mwenyewe kwamba hana budi kufungua fungu moja. Hatua hii isipewe alama wala mashindano, kwani ndiyo zile ngazi zenye ardhi katikati. Hatua ya tatu iwe 52 – 27, iandikwe bila vijiti, lakini vijiti vibaki mezani. Akikwama arudi hatua ya pili, asirudishwe mwanzo wala asiachwe shimoni. Baada ya hapo ndipo zije 50 – 27 na 60 – 34, ambazo sifuri yake huwatatiza wengi.

Kwa somo la sehemu, chora ubaoni mstari wa namba kutoka 0 hadi 1, na uchore embe juu yake mahali fulani. Kikundi kimoja kitaje sehemu, nawe utie alama pale ilipoangukia. Iwapo wametaja nusu na embe liko kwenye robo tatu, wote wataona kwamba yapasa kuongeza. Badala ya embe, waweza kutumia samaki, ndege au kitu kingine watakachochagua watoto wenyewe.

Mipaka ya mchezo

Tusije tukavuka mpaka kwa kuisifu michezo hii. Kwanza, umahiri wa kumrusha Mario haumfanyi mtoto awe hodari wa kusoma au kuhesabu. Pili, michezo hii humjulisha mtoto kwamba amekosea, lakini haiwezi kumwuliza aliwaza nini.

Mtoto akiandika 42 – 17 = 35, mashine itakataa jibu hilo na kungoja jingine. Mwalimu akitazama vizuri ataona kwamba mtoto ametoa 2 katika 7 kwa sababu ameshika kwamba daima ndogo hutolewa katika kubwa. Kosa hilo lina mantiki yake, na huenda sisi wenyewe tulilipanda tuliposema siku za mwanzo kwamba namba kubwa haitoki katika ndogo. Kulifichua kunahitaji mtu wa kukaa karibu na mtoto na kusema, "Hebu nionyeshe ulivyofanya." Swali hilo, likiulizwa kwa upole na bila kicheko cha darasa, ndilo humrudishia ujasiri mtoto aliyenyamaza.

Hitimisho

Tumeona kwamba michezo iliyodumu ilitoa kazi inayoeleweka, ilileta jambo jipya mahali salama, ilimwonyesha mchezaji sababu ya kosa lake, na iliufanya ujuzi wenyewe kuwa mchezo. Iliyoshindwa ilikosa moja au zaidi kati ya hayo. Mwalimu mwanafunzi anapoandika andalio la somo, na ajiulize maswali hayo manne kabla ya kuingia darasani, kisha ajiulize tena akishatoka.

Maswali ya kujadili

1. Chagua mchezo mmoja wanaoucheza watoto wa mahali ulipo, kama vile bao, rede au mchezo wa televisheni. Upime kwa maswali manne yaliyotajwa.
2. Chukua andalio lako la juma lililopita. Ni wapi mtoto aliweza kukosea pasipo madhara? Kama hapakuwapo, ungeongeza hatua gani?
3. Mtoto ameandika 60 – 34 = 34. Unadhani aliwaza nini, nawe ungemwuliza nini kwanza?